Ubongo, Damu na Kidonge

Mwaka 1934 jarida la Journal of Anatomy la Uingereza lilichapa makala ya F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia katika maabara ya serikali mjini Nairobi. Vint alikuwa amepima uzito wa ubongo wa wanaume 100 Waafrika, watu wazima wote. Wastani alioupata ulikuwa gramu 1,276. Wastani wa Wazungu aliolinganisha nao ulikuwa gramu 1,428. Alikata pia vipande vyembamba vya gamba la ubongo, akavitia rangi, akavichungulia kwa darubini, kisha akaandika kwamba gamba la Mwafrika ni jembamba kuliko la Mzungu kwa karibu asilimia 15. Hitimisho lake lilikuwa kwamba ubongo wa mtu mzima wa Kenya umekomea pale ulipofika ubongo wa mtoto wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Ukiisoma makala hiyo leo, kinachotisha zaidi ya dharau yenyewe ni jinsi ilivyokamilika kwa sura. Mwandishi ana shahada, maabara ni ya serikali, mizani na darubini vipo, majedwali yamepangwa vizuri, na jarida ni la heshima. Karibu kila alama ambayo mtu wa kawaida huitumia kutambua sayansi ilikuwapo. Hata hivyo ile haikuwa sayansi ya kweli, na ninakusudia kuonyesha kwa nini, kwa kuiweka kando ya madai mengine mawili yaliyotoka katika nchi hiyohiyo ndani ya miaka 60: moja la damu, na moja la kidonge.

Kwanza tuitazame Nairobi ya wakati ule. Mwaka 1933 kikundi cha walowezi na madaktari wa Kizungu kilianzisha chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari za binadamu, kwa mfano wa vyama vya yujeniki vilivyokuwa vimeenea Ulaya na Marekani. Kinara wao alikuwa Dk. H. L. Gordon, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa hospitali ya akili ya Mathari. Gordon alipima vichwa vya maelfu ya wanaume Waafrika walio hai, akasafiri hadi London kusema kwamba akili ya Mwafrika ina mpaka wa kimaumbile, na akaonya kwamba elimu ya Kizungu huenda ikamtia wazimu. Ilikuwa miaka ya Tume ya Ardhi ya Kenya, miaka ya mabishano juu ya nani ana haki ya nyanda za juu, nani apewe shule na shule ya kiwango gani. Walowezi waliiomba serikali ya Uingereza fedha za kupanua uchunguzi huo, na Wizara ya Makoloni ikakataa kuzitoa.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema: walikuwa wabaguzi, kwa hiyo walikosea. Siikubali njia hiyo ya mkato. Nia mbaya inatupa sababu ya kuwa macho, lakini haitoshi kuthibitisha kosa, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya anaweza kupima sawasawa, na mwenye nia njema akapima ovyo. Kosa lenyewe tulitafute ndani ya kazi, na tuanzie juu ya meza ya maabara. Ubongo wa maiti haupimwi kama kilo ya sukari. Uzito wake hubadilika kulingana na saa zilizopita tangu kifo, joto la chumba ulimolala mwili, maji yaliyojaa au kukauka, mahali uti wa mgongo ulipokatwa, kama utando wa nje umeondolewa au umeachwa, na kama ubongo umelowekwa katika formalini kabla ya kupandishwa mizani. Hubadilika kwa umri, kwa kimo cha mtu, kwa lishe ya utotoni na kwa ugonjwa uliomuua. Waliofia katika hospitali za Waafrika za Nairobi ya miaka ya 1930 hawakuwa kipimo cha Waafrika wote. Walikuwa maskini na wagonjwa, wengi wao vibarua waliokulia katika njaa, malaria na minyoo. Takwimu za Ulaya zilitoka vitabuni, zikiwa zimepimwa na watu wengine, kwa desturi nyingine, katika miili ya watu walioishi maisha mengine. Kuweka namba hizo mbili moja kando ya nyingine na kuiita tofauti hiyo “mbari” ni kuchagua jibu kabla ya kuuliza swali. Mwaka 1970 Phillip Tobias wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alipitia tafiti za namna hii moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba orodha ndefu ya mambo yanayobadilisha uzito wa ubongo ilikuwa haikuzingatiwa.

Kuna jambo zito kuliko hilo, maana upimaji mbaya peke yake ni sayansi dhaifu tu, na inaweza kurekebishwa. Jiulize: ni matokeo gani ambayo yangewafanya Gordon na wenzake waseme “tumekosea”? Mwandishi Mfaransa Anatole France, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1921, alipofariki mwaka 1924 ubongo wake ulipimwa ukakutwa na uzito wa takriban gramu 1,017, chini sana ya wastani wa wale wanaume wa Nairobi. Habari hiyo ilichapishwa na ilijulikana kwa wataalamu wa anatomia miaka kadhaa kabla ya makala ya Vint. Kwa Mfaransa ilichukuliwa kuwa ajabu ya pekee. Kwa Mkenya uzito mdogo ulichukuliwa kuwa ushahidi. Mwafrika asiyesoma alithibitisha nadharia kwa kutosoma kwake. Aliyesoma na kufaulu alihesabiwa kuwa mwigaji, na aliyesoma kisha akaugua akili alithibitisha kwamba elimu ni hatari. Hapakuwa na Mkenya yeyote, kwa lolote ambalo angefanya, aliyeweza kuwa ushahidi dhidi ya nadharia hiyo. Hapo ndipo ninapoiona sayansi bandia: dai limejengwa ili kila linalotokea liwe upande wake.

Dai la namna hiyo halifi kwa kukosa hoja, maana haliishi kwa hoja. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari baada ya Gordon, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika ambacho Shirika la Afya Duniani lilikichapa mwaka 1953, na ndani yake akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata mpigachapa wa serikali ya Nairobi alitoa kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Uasi uliokuwa na madai yanayoeleweka na kila mkulima wa Kiambu au Nyeri, yaani ardhi na uhuru, uliandikwa kama hali ya akili iliyovurugika. Frantz Fanon, daktari wa akili mwenyewe, alimjibu Carothers kwa ukali mwaka 1961, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Sasa tuje kwenye damu. Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alirudi kutoka Oxford na msafara wa chuo uliokuja Mlima Kenya. Alikusanya sampuli za damu za makabila mbalimbali na kupima nani ana chembe za damu zinazojikunja kama mundu, hali ambayo siku hizi tunaiita selimundu. Mtu anayerithi kinasaba cha hali hiyo kwa wazazi wote wawili huugua vibaya, na zamani wengi walikufa wakiwa watoto. Anayekirithi kwa mzazi mmoja huishi kama kawaida. Fumbo lilikuwa hili: kinasaba kinachoua watoto kingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi, lakini Allison alikuta kwamba pwani na kando ya Ziwa Victoria zaidi ya asilimia 20 ya watu wanacho, ilhali nyanda za juu wanaokuwa nacho hawafiki hata asilimia 1. Akaona kwamba ramani ya selimundu inafanana na ramani ya malaria, akakisia kwamba anayekirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria.

Zingatia dai hilo lilivyojiweka hatarini. Likiwa kweli, jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, ziwe za Kibantu au za Kiniloti, zitaonyesha kinasaba hicho kwa wingi, na zilizoishi penye baridi hazitakuwa nacho, hata zikiwa ndugu wa lugha na asili. Mtu yeyote mwenye sindano na darubini angeweza kuliangusha kwa kupata kabila moja la pwani lisilo nacho, au la mlimani lililojaa nacho. Allison mwenyewe alikwenda kutafuta. Aliporudi mwaka 1953 alipima watu wapatao 5,000 wa makabila zaidi ya 30 ya Afrika Mashariki. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda: kati ya 43 waliokuwa na kinasaba, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria, na kati ya 247 wasio nacho, waliokuwa na vijidudu walikuwa 113. Yaani takriban asilimia 28 dhidi ya 46. Alichapisha matokeo mwaka 1954 katika British Medical Journal, hesabu zikiwa wazi ili anayetaka azirudie.

Nao wakazirudia, na wengine hawakupata alichopata yeye. Palikuwa na wapimaji waliosema hawaoni tofauti yoyote ya vijidudu kati ya wenye kinasaba na wasio nacho. Nadharia ya ubongo ingewatafutia wapimaji hao kasoro na kuwapuuza. Nadharia ya damu ilibadilika. Madaktari, akiwemo Alan Raper wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, walionyesha kwamba kinga kubwa haiko katika kuambukizwa bali katika kuugua malaria kali, hasa kwa watoto wadogo ambao miili yao bado haijajijengea kinga. Dai likawa jembamba zaidi, sahihi zaidi, na rahisi zaidi kulipinga kwa ushahidi. Nusu karne baadaye watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, waliofuatilia watoto kwa miaka, walikuta kwamba kurithi kinasaba kwa mzazi mmoja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Nisimfanye Allison malaika. Katika utafiti wake wa mwaka 1953 aliwachukua wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wenye kinasaba na 15 wasio nacho, akawatia malaria kwa makusudi ili aone nani ataugua. Wasio na kinasaba walioonekana na vijidudu walikuwa 14, wenye nacho wawili. Waliitwa watu wa kujitolea, lakini kujitolea kwa Mwafrika mbele ya daktari Mzungu katika Kenya ya hali ya hatari ni neno la kutiliwa shaka, na kamati yoyote ya maadili leo isingeruhusu jambo hilo. Nalitaja kwa sababu mara nyingi tunachanganya maswali mawili. Kazi inaweza kuwa sayansi ya kweli na bado ikawa na doa la kimaadili. Na kinyume chake, kazi iliyofanywa kwa huruma yote inaweza isiwe sayansi. Kidonge kinatuonyesha hilo la pili.

Kufikia mwaka 1990 UKIMWI ulikuwa umeingia karibu kila ukoo kuanzia Kagera na Rakai hadi Kisumu. Dawa pekee iliyokuwa imeidhinishwa, AZT, ilitoka mwaka 1987 kwa bei ambayo hata wizara za afya za Afrika Mashariki hazikuimudu. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ilikuwa chini ya Dk. Davy Koech. Yeye na wenzake walijaribu kitu kilichokuwa na sababu ya kujaribiwa: kiasi kidogo sana cha interferoni alfa, protini ambayo mwili wenyewe hutengeneza kupambana na virusi, kikitolewa kama kidonge cha kuyeyushwa mdomoni. Wazo lilitoka kwa Joseph Cummins, daktari wa mifugo wa Texas aliyekuwa akilitumia kwa wanyama, na interferoni yenyewe ilitoka kwa kampuni ya Hayashibara ya Japani. Walisema wagonjwa 40 walitumia dawa hiyo kwa majuma machache na karibu wote wakapata nafuu. Hamu ya kula ilirudi, uzito ukaongezeka, seli za kinga za CD4 zikapanda, na baadhi yao vipimo havikuonyesha tena kingamwili za virusi. Mwezi Julai 1990 Rais Daniel arap Moi aliizindua dawa hiyo rasmi kwa jina la Kemron.

Kemron haikuzaliwa ikiwa sayansi bandia. Dhana ilikuwa na mantiki, na utafiti mdogo wa kwanza ni hatua halali. Ndivyo dawa nyingi nzuri zilivyoanza. Kasoro yake ya kitaalamu ilikuwa moja na ilikuwa kubwa: hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mgonjwa wa UKIMWI wa wakati ule hakuporomoka kwa mstari ulionyooka. Alikuwa na majuma ya kuharisha na homa, kisha majuma ya ahueni. Watu huenda hospitali wakiwa wamezidiwa, kwa hiyo wengi wao, hata wakipewa kidonge kitupu, wataonekana nafuu baada ya mwezi. Ongeza daktari anayekutazama kila juma, utando wa mdomoni uliotibiwa hata ukaweza kumeza uji, na tumaini baada ya kuambiwa kwamba huna zaidi ya miezi. Yote hayo huongeza uzito. Bila kundi la pili linalohudumiwa vilevile isipokuwa dawa, huwezi kujua nafuu imeletwa na nini. Hili halikuwa siri kwa yeyote aliyesomea tiba.

Mpaka ulivukwa pale matokeo ya awali yalipotangazwa na Ikulu kuwa ushindi wa taifa. Tangu siku hiyo, kuuliza juu ya kundi la kulinganisha kulisikika kama kuitukana Kenya. Wagonjwa walimiminika Nairobi kutoka nchi jirani na hata kutoka ng'ambo. Madaktari wa nje waliojaribu kurudia matokeo na kushindwa waliambiwa kwamba dawa yao si ileile, kiasi chao si sawa, au wana hila. Visingizio vya namna hiyo huweza kuwa kweli mara moja au mbili; vikiwa jibu la kila jaribio lililoshindwa, dai limeanza kuishi kama lile la ubongo. Na waliofanya hivyo safari hii walikuwa Waafrika wasomi waliotaka kuwaokoa watu wao, tena katika taasisi ambayo, kupitia kituo chake cha Kilifi, ingekuja kutoa baadhi ya kazi bora za malaria duniani. Bango la taasisi mlangoni halikutuambia lolote.

Hapa nakutana na pingamizi ninaloliheshimu. Wengi walisema wakati ule, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba Kemron ilikataliwa kwa kuwa ilitoka Afrika. Hoja hiyo ina mizizi ya kweli. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, maofisa wa afya wa Marekani waliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila tiba ili waone ugonjwa utakavyowafanya. Makala ya Vint na kitabu cha Carothers vilitoka katika kumbi zilezile za heshima ambazo sasa zilitaka Waafrika waziamini. Haishangazi kwamba Wamarekani weusi, wakiongozwa na kikundi cha kidini cha Taifa la Kiislamu (Nation of Islam), walishinikiza hadi mwaka 1992 taasisi za afya za Marekani zikakubali kuijaribu Kemron. Jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya kukamilika kwa kukosa washiriki wa kutosha. Mtu aliyekwisha kudanganywa na mwenye mizani ana sababu ya kuikagua mizani.

Lakini kuikagua ndiko hasa ninakokutetea, na Waafrika ndio walioikagua. Kampala, Dk. Elly Katabira na wenzake waligawa wagonjwa 560 katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa interferoni, jingine kidonge kilichofanana nacho kisicho na dawa ndani, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepata kipi mpaka mwisho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalikuwa wazi: dawa haikupunguza vifo wala haikuzuia ugonjwa kuendelea. Nadhani wengi wa madaktari hao walitamani jibu liwe lingine, kwani wodi za Mulago zilikuwa zimejaa. Ukiamini kwamba Kemron iliangushwa na ubaguzi wa Wazungu, huna budi kueleza kwa nini Uganda, nchi iliyokuwa na kila sababu ya kuipenda dawa ya jirani, ilipata jibu hilo.

Pingamizi jingine hutoka kwa wanafalsafa. Mwaka uleule wa makala ya Vint, 1934, huko Vienna, Karl Popper alichapa kitabu kilichosema kwamba dai la kisayansi ni lile linaloweza kukanushwa na ushahidi. Waliomfuata walimkosoa: wanasayansi halisi hawatupi nadharia kila kipimo kinapokwenda kombo, na mara nyingine hufanya vyema kuing'ang'ania. Ni kweli. Allison hakuitupa nadharia yake pale wapimaji wengine walipomkosoa. Tofauti ninayoiona mimi si ya moyo wa mtu mmoja, maana watu wote hupenda mawazo yao. Ni ya kinachotokea baada ya kipimo kwenda kombo. Nadharia ya selimundu ilirekebishwa kwa njia iliyotoa utabiri mpya ambao wengine waliweza kuupima, tena ukageuka kweli. Nadharia ya ubongo na utetezi wa Kemron vilirekebishwa kwa njia iliyofunga milango ya kupimwa. Jambo hilo laweza kutambuliwa hata na msomaji asiyejua kinasaba wala interferoni, akifuatilia mabishano kwa muda na kuuliza: marekebisho haya yamerahisisha kumkamata mwenye dai, au yamemficha?

Wapo pia watakaoniambia kwamba kipimo hiki kinawadhulumu waganga na elimu za wenyeji, ambazo hazina majarida wala makundi ya kulinganisha. Historia yetu inasema vingine. Robert Koch alipofika Usambara mwaka 1898, aliandika kwamba wenyeji wa milimani waliamini homa hupatikana ukishuka bondeni, na kwamba huletwa na mbu. Vivyo hivyo watu wa njia za misafara walijua kwamba nyumba yenye papasi humpa mgeni homa inayokwenda na kurudi. Mwaka 1905 Koch huyohuyo aliwakusanya papasi katika vituo vya misafara, akawapasua, akakuta vijidudu vya homa ndani yao na hata ndani ya mayai yao. Elimu ya wenyeji ilipimwa ikasimama, kwa sababu ilisema jambo mahususi linaloweza kuwa kweli au uongo: papasi huyu, homa hii. Haikuhitaji cheo cha mtu kuilinda.

Dai lisiloweza kupimwa ni la aina nyingine. Mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500, akisema kinaponya kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu na UKIMWI. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na viongozi wakubwa walikuwa miongoni mwa waliokwenda. Mwasapile alisema waziwazi kwamba aliipata kwa ufunuo wa Mungu, na kwamba inafanya kazi ikitoka mkononi mwake, mahali pale. Kwa hilo alikuwa mkweli kuliko wengi: alidai imani, na imani haina haja ya maabara. Lawama yangu haimfikii yeye kwanza. Inawafikia waliokuwa na wajibu wa kutenganisha mambo mawili mbele ya wananchi, wakaacha sifa ya serikali na lugha ya utafiti vizunguke kikombe hicho, huku baadhi ya wagonjwa wakiacha dawa za kufubaza virusi ambazo wakati huo zilikuwa zikitolewa bure katika hospitali zao za wilaya.

Linabaki swali la muda: mtu anayekufa atasubirije miaka minane ya majaribio? Sina jibu jepesi kwake, na simlaumu aliyeuza ng'ombe akapanda basi kwenda Nairobi mwaka 1990. Ila muda hupotea kwa njia zote mbili. Fedha, vitanda na imani ya watu iliyotumika kuitetea Kemron haikuweza kutumika tena, na mchanganyiko wa dawa uliotangazwa mwaka 1996, ambao kweli unawarudisha watu kazini, ulipitia njia ileile ya makundi mawili na vidonge vinavyofanana. Roy Mugerwa, mmoja wa madaktari wa Kampala walioipima Kemron, mwaka 1999 aliongoza jaribio la kwanza la chanjo ya UKIMWI katika Afrika, kwa watu 40 wa kujitolea. Palikuwa na kelele bungeni na magazetini, na safari hii wenye kujitolea walielezwa, wakaulizwa, wakatia saini. Chanjo ilionekana salama, lakini kinga iliyoamsha ilikuwa hafifu. Timu yake ikachapisha hivyo, kwa kiwango kilekile cha uhafifu ambacho kipimo kilionyesha.